Kamba Waliosafisha Kucha za Baba

Mliniacha jikoni nimeshika kichupa cha dawa ya buluu, na ndani ya tangi samaki wawili wa baba wamejaa madoa meupe kama waliomwagiwa chumvi. Wengi wenu mliniandikia kuwaombea hao samaki. Samaki wako hai mpaka leo. Wanakula, wananenepa, na kila nikiwaangalia natamani wangekufa wao.

Najua si vizuri kusema hivyo. Lakini nilianza hadithi hii kwa ahadi ya kutoficha.

Kwa aliyechelewa: mama alifariki miezi minane iliyopita. Macho ya baba, aliyekuwa fundi wa mafriji kwa miaka thelathini, yalikuwa yameshazimika kabla ya hapo kwa presha ya macho. Mimi nina stashahada ya maabara ya maji. Kazi niliipoteza kwa sababu siku niliyoitwa kujitetea mbele ya wakubwa sikuweza kufungua mdomo, na sasa namtunza baba. Alichotuachia mama ni tangi la kioo la maji ya chumvi, pale sebuleni, na ndani yake, pamoja na samaki, kamba wawili.

Msomaji mmoja ameniuliza, "Kamba wa kukaanga mnawafuga sebuleni kwa nini?" Hapana, ndugu yangu. Hawa ni kamba wa mapambo, wadogo kama kidole cha mwisho. Mgongo mwekundu, mstari mweupe kuanzia kichwani hadi mkiani, na masharubu meupe marefu kuliko mwili wenyewe. Kazi yao ni usafi. Samaki anasogea, anatulia, anafungua mdomo, na kamba anaingia mpaka ndani kumchokoa uchafu.

Mama aliwaita Kinyozi na Mke wa Kinyozi. Kumbe kamba wa aina hii hawana mume wala mke, kila mmoja anazaa. Siku Kinyozi alipoonekana amebeba mayai tumboni, mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Umeona?" akamwambia baba. "Mwanamume mwenzako anazaa, na wewe hata chai hujui kuchemsha!"

Macho ya baba yalipozimika kabisa, mama alimshika mkono akauzamisha ndani ya tangi.

"Tulia," akamwambia. "Usitikise hata kidole. Anayeogopa hafuatwi. Wewe tulia tu, atakuja mwenyewe."

Baba akatulia. Kinyozi akapanda kwenye dole gumba na kuanza kuchokoa pembeni mwa ukucha, kwa vijiguu vyembamba kama uzi. Mwenzake akafuata. Baba, ambaye hakulia daktari alipomwambia hataona tena, siku hiyo alilia.

Toka hapo ikawa desturi. Saa nne asubuhi baba ananawa bila sabuni, anakunja shati, anazamisha mkono, na wale wawili wanakuja kumtengeneza kucha. Hakuacha hata siku ya tatu baada ya kumzika mama. Shangazi, dada yake mkubwa, alisema huo ni wendawazimu.

"Dada," baba akamjibu, "hawa ndio pekee wanaonishika bila kunionea huruma."

Sasa nieleze nilichofanya.

Nilipomwambia baba kuhusu madoa ya samaki, alinituma kwenye duka la samaki kule mwisho wa soko. "Usinunue dawa kwa kukisia. Mwambie yule kijana kila kilichomo ndani ya tangi."

Nikaitikia, "Ndiyo, baba."

Mwenye duka nilimfahamu tangu enzi za mama. Tulikuwa tunanunua kwake chumvi ya tangi. Ni kaka wa miaka thelathini na kitu, mikono yake imelowa mpaka viwiko saa zote. Yeye hakuwahi kujua tunafuga nini. Tulipewa tangi na wanyama wake na jirani aliyehama. Kila aliponisalimia, mimi nilikodolea macho mifuko ya chumvi. Mama alikuwa akisema nikiolewa nitaolewa na mfuko wa chumvi, maana ndio pekee ninaoweza kuutazama usoni.

Siku hiyo nilikwenda peke yangu.

"Dada wa chumvi!" akaniita. Kisha akashusha sauti. "Pole na msiba. Nilisikia. Nilitaka kuja, ila sikujua mnakaa wapi, na sikujua kama ungependa nije."

Masikio yakaniwaka. "Samaki wana madoa," nikasema.

"Meupe? Kama punje za chumvi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akachukua kichupa rafuni, lakini hakunipa. Akakishikilia. "Humo ndani wamo samaki tu?"

Alikuwa ananitazama usoni. Ungeniuliza jina langu wakati ule nisingelijua.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Samaki tu, eh?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Neno moja tu: kamba. Lakini kichwa kilikuwa kimeshaitikia, na kukisahihisha kungetaka maneno. Nikaitikia mara ya pili.

Akanipa dawa.

Mtaniuliza, hukusoma kwenye chupa? Sikuhitaji kusoma. Dawa ilikuwa ya buluu, na buluu ile naijua kama kiganja changu. Ni shaba. Chuoni nilipima shaba kwenye maji muhula mzima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kiasi cha shaba kinachomponya samaki kinamuua kamba. Niliitazama rangi ile njia nzima na sikuiona. Nilikuwa nasikiliza neno "pole" lilivyotoka mdomoni mwake.

Nikatia matone ishirini, nikakoroga taratibu na kijiko cha mbao cha mama.

Kesho yake asubuhi Kinyozi alikuwa amelala ubavu chini ya jiwe, mwili umegeuka mweupe kama wali. Mke wa Kinyozi alikuwa bado anasimama, masharubu yanatetemeka. Nilimhamishia kwenye bakuli la maji mapya. Nikachanganya chumvi, nikapima, nikapima tena, kila nilichofundishwa nikakifanya. Saa tatu na nusu akaanguka naye.

Niliwafunga kwenye karatasi laini, nikawafukia kwenye chungu cha maua nyuma ya jiko. Nikanawa mikono. Saa nne ilikuwa inafika.

Baba akaja akipapasa ukuta. Akakunja shati, akazamisha mkono.

Dakika moja. Mbili. Pampu inanguruma. Samaki wale wawili wakaja wakamnusa, wakaenda zao.

"Leo vinyozi wamegoma," baba akasema akitabasamu.

"Wamejivua gamba, baba," nikasema. Sijui neno lile lilitoka wapi. "Wamejificha."

Haukuwa uongo wa kijinga. Kamba akikua hulivua gamba lake zima kama mtu anayevua koti, kisha hujificha siku mbili tatu mpaka jipya likaze. Nilikuwa najinunulia siku tatu.

"Wote wawili siku moja?"

"Ndiyo."

"Basi nipe magamba yao."

Nilikuwa nimesahau. Mama alikuwa akiyaokota magamba yote yaliyovuliwa, anayaanika, anayahifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na punje za karafuu ili wadudu wasiyale. Baba alipenda kuyapapasa.

Nikaenda kabatini, nikafungua kopo bila kelele, nikatoa magamba mawili ya zamani. Nikayachovya kwenye maji ya tangi yalainike. Nikampa.

Baba akayapokea kiganjani. Akayapitishia kidole kuanzia kichwani mpaka mkiani. Kisha akayapeleka puani.

Akanusa mara ya pili.

"Yarudishe kwenye kopo," akasema.

Nilikuwa nimeshafika kabatini ndipo nikasikia vizuri alichosema. Hakusema niyaweke. Alisema niyarudishe. Mkono wangu ulinuka karafuu mpaka jioni.

Uongo wangu haukumaliza hata hizo siku tatu. Shangazi alikuja kesho yake. Shangazi ni mshonaji wa sare za shule, na pini huwa midomoni hata anapogomba. Hakupenda tangi lile hata siku moja, lakini jicho lake halipitwi na kitu.

"Mdogo wangu, mbona humu kuna samaki tu? Wale panzi wako wako wapi?"

Baba aligeuza uso upande niliposimama.

"Wamekufa," nikasema. "Ni dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya dukani."

Hivyo tu. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Shangazi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kifuani mwa gauni. Mnaomjua mtu wa namna hii mnajua maana yake. Akanyakua kichupa na kunishika mkono. "Twende!"

Duka lilikuwa na wateja watatu. Shangazi hakusalimia.

"Wewe unayeuza sumu! Kipofu wa watu ana vitu viwili tu vya kumfurahisha duniani, na vyote umeviua kwa kichupa hiki!"

"Mama, tafadhali, sijakuelewa. Ni nani amekufa?"

"Kamba! Kamba wa mdogo wangu! Hii si dawa yako hii?"

Mwenye duka akakitazama kichupa. Kisha akanitazama mimi. Nikaona anakumbuka. Nikaona swali lake la kwanza likipita machoni mwake, na la pili, na kichwa changu kikipanda na kushuka.

Nilitazama mifuko ya chumvi.

"Mlikuwa na kamba," akasema taratibu. Hakuwa anauliza.

"Usimgeuzie mtoto maneno!" Shangazi akafoka. "Ulimwuliza? Daktari hutoa dawa bila kumwuliza mgonjwa?"

Mwenye duka akaegemea meza. Maji yakamdondoka viwikoni. "Kosa ni langu, mama," akasema. "Nisameheni."

Mama mmoja aliyekuwa ameshika mfuko wa samaki aliowanunua akaurudisha juu ya meza, polepole, akatoka. Mwingine akamfuata.

Nami nilinyamaza. Naomba msinitafutie sababu. Nilinyamaza.

Nyumbani baba aliendelea. Saa nne akanawa, akakunja shati, akazamisha mkono ndani ya maji yasiyo na mtu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alikaa mpaka vidole vikakunjamana kama vya dobi, na chai niliyomwekea ikaganda utando.

"Baba, toa mkono. Hawapo."

"Najua."

"Sasa unangoja nini?"

"Nimetulia tu," akasema. "Mama yako alinifundisha kutulia."

Nikaenda jikoni, nikafungua bomba ili asinisikie.

Siku ya nne Shangazi akaja na karatasi yenye mistari. "Wewe ndiye msomi wa ukoo," akaniambia. "Na mwandiko wako mzuri. Andika."

"Niandike nini, shangazi?"

"Barua kwa ofisi ya soko. Yule mtu afungiwe kibanda kabla hajaua vya wengine. Baba yako ataweka dole gumba."

Nikaandika. Yeye alitaja, mimi nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: kwamba muuzaji huyo alitoa dawa yenye sumu kwa binti wa familia hii *bila kumwuliza lolote*. Hayo maneno matatu niliyaandika kwa mkono huu huu ninaoandikia sasa. Kalamu haikukwama.

Shangazi akaweka kidau cha wino mezani, kando ya tangi. Akamshika baba mkono, akamkandamizia dole gumba kwenye wino. Ndilo dole lile alilolipanda Kinyozi siku ya kwanza.

Na hapo hodi ikabishwa mlangoni.

Alikuwa yule mwenye duka. Ameulizia mtaa mzima mpaka akafika. Mkononi ana ndoo nyeupe yenye mfuniko, na bomba jembamba la pampu limetokeza pembeni.

"Una ujasiri, wewe!" Shangazi akasema.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi." Aliweka ndoo chini kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. "Nimewaletea kamba wawili. Ila msiwatie kwenye tangi hilo. Shaba haitoki, imeshaingia kwenye mawe na mchanga. Nitaleta tangi jingine, dogo, na mawe mapya. Nitalipanga mwenyewe."

"Ni wa aina ile ile?" baba akauliza.

"Ile ile, mzee. Lakini hawakujui bado. Itachukua siku."

"Siku ninazo." Baba alikuwa ameinua dole gumba hewani lisichafue meza. "Karibu ukae. La, ngoja, usikae kwanza. Kijana, umeuza samaki miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na ukimpa mtu dawa ya shaba, huwa humwulizi kama ana kamba?"

Yule kaka hakunitazama. Laiti angenitazama! Alitazama ndoo yake.

"Huwa nauliza."

"Siku ile?"

Ndani ya ndoo kitu kikagonga plastiki, tik, tik, mlio mdogo kama wa ukucha.

"Siku ile sikuuliza, mzee," akasema.

"Si nilikwambia!" Shangazi akaruka. "Amekiri mwenyewe! Weka dole hapa, mdogo wangu, tumalize." Akamsogezea barua, akamwelekeza mkono mpaka dole likawa juu kabisa ya mahali pa sahihi.

Baba hakushusha. Aligeuza uso, akanitafuta, akanipata. Macho yale hayaoni kitu, lakini sijawahi kutazamwa namna ile.

"Mwanangu," akasema. "Hii barua ni mwandiko wako. Mimi nitaweka dole kwa neno lako, si la mtu mwingine. Ni kweli hakukuuliza?"

Nikatikisa kichwa. Nilikitikisa kwa nguvu zangu zote: si kweli, baba, aliniuliza, aliniuliza mara mbili, ni mimi. Machozi yakaruka mpaka kwenye karatasi. Yule kaka akaniona, akafumba macho. Shangazi alikuwa ameukodolea wino macho.

Lakini kilikuwa kichwa tu. Tena. Na baba haoni.

Akasubiri. Hakutikisa hata kidole.

"Sijakusikia, mwanangu," akasema hatimaye, taratibu, na dole lake lenye wino likaanza kushuka.